Kimo si kipimo: jibu kwa msomaji aliyechoka kuning'iniza miguu

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 34 na kimo changu ni sentimita 149. Nikipika mabega huniuma, nikikaa ofisini miguu huning'inia, nikiendesha gari mkanda hunikata shingoni, na kila suruali ninayonunua humfikia fundi kabla haijanifikia mimi. Wenzangu hunitania, na wengine huniegemeza mkono kichwani kana kwamba mimi ni meza. Je, kasoro ni yangu au ni ya vitu? Ipo dawa ya kuongeza kimo katika umri huu? Na kwa kuwa mume wangu ana sentimita 178, nasi tunajenga jiko jipya, tulijenge kwa kimo cha nani?

Jibu:

Dada msomaji,

Nianze na namba uliyonipa, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Sentimita 149 ni umbali kutoka unyayo hadi utosi, lakini katika malalamiko yako yote hakuna kifaa hata kimoja kinachogusana na utosi, ukiuacha mkono wa hao wenzako. Kaunta ya jikoni huhusiana na kiwiko, kiti huhusiana na uvungu wa goti, mkanda wa gari huhusiana na mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani), na suruali huhusiana na goti na kifundo cha mguu. Watu wawili wenye kimo kilekile wanaweza kupishana kwa sentimita kadhaa katika kila kiungo kati ya hivyo, kwa kuwa mmoja amejaliwa miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mwenzake ni kinyume chake. Kwa hiyo, kabla ya kununua au kukata chochote, chukua utepe wa kupimia na umwombe mtu akupime mambo manne: kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko ukiwa umesimama na mkono umekunjwa, kutoka sakafuni hadi uvungu wa goti ukiwa umeketi na kuvaa viatu vya kazini, kutoka kwenye kiti hadi kwenye kiwiko ukiwa umeketi wima, na kutoka sakafuni hadi ncha ya vidole ukiwa umenyoosha mkono juu bila kunyanyua visigino. Namba hizo nne zitakusaidia kuliko ile ya kwenye kadi ya kliniki.

Je, kasoro ni ya nani? Mwanahisabati wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, ndiye aliyelitia nguvu wazo la "mtu wa wastani" katika mwaka 1835, na tangu hapo watengenezaji wa vitu wamekuwa wakimtafuta mtu huyo ili wamtengenezee. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani 4,063 kwa nia ya kuboresha chumba cha rubani, na kijana mmoja aliyeshiriki kazi hiyo, Gilbert Daniels, akauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: kati ya watu hawa, ni wangapi walio wa wastani kweli? Alichagua vipimo kumi, akaruhusu kila kimoja kitanuke kwa ukarimu kuzunguka wastani wake, kisha akahesabu waliomo katika vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Jeshi likaacha kumtafuta rubani wa kukitosha kiti, likadai viti, kanda na pedali zinazoweza kurekebishwa zimfuate rubani aliyepo.

Viwanda vingi vya leo havifuati wastani mtupu. Hujiwekea mipaka miwili, wa chini na wa juu, na desturi iliyoenea ni kuanzia mwanamke ambaye asilimia 5 tu ya wanawake ni wafupi kuliko yeye hadi mwanamume ambaye asilimia 5 tu ya wanaume ni warefu kuliko yeye. Katika vipimo vya Marekani, ambavyo vimetumika sana, mwanamke huyo wa mpaka wa chini ana karibu sentimita 151. Kwa maneno mengine, wewe umeachwa nje ya mlango kwa sentimita mbili hivi, wala si kwa sababu mwili wako una hitilafu. Nchini Guatemala, ambako wastani wa wanawake hauzidi sana sentimita 150, wewe ungekuwa mtu wa kawaida kabisa, lakini kiti kilichotoka katika kiwanda kilekile kingekuning'iniza vilevile.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, na utanisamehe neno. Mifupa mirefu hukua kwenye tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na tabaka hizo hufunga mwishoni mwa ujana. Zikishafunga, hakuna kidonge, mazoezi wala lishe inayozifungua, hata tangazo liwe limepambwa namna gani. Ukijipima asubuhi utajikuta umezidi kimo chako cha jioni kwa sentimita moja au zaidi kidogo, kwa sababu diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa mchana na kufura tena usiku ukiwa umelala, na wauzaji wa dawa hizo wanaijua siri hiyo vizuri. Upasuaji upo kweli: mfupa hukatwa na kuvutwa kwa takriban milimita moja kwa siku, kwa njia iliyoendelezwa na Gavriil Ilizarov katika mji wa Kurgan kuanzia miaka ya 1950, na imewasaidia watu wenye miguu isiyolingana. Kukatwa mfupa ili kuifikia rafu ya vikombe, hata hivyo, ni tiba kubwa kuliko ugonjwa.

Sasa nalihamishia mwanzoni jambo ambalo wewe uliliweka katikati, yaani gari, kwa sababu kaunta ndefu itakuumiza bega, lakini kiti cha gari kilichokaa vibaya kinaweza kukuua. Dereva mfupi husogeza kiti mbele ili aifikie klachi, na kwa kufanya hivyo kifua chake hukaribia usukani, ambamo ndani yake umefichwa mfuko wa hewa unaofumuka kwa muda usiofikia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mfuko huo humkinga mtu akiukuta umekwisha kujaa. Akiukuta ukiwa bado unafumuka, humpiga. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mifuko iliyotengenezwa kwa nguvu ya kumzuia mwanamume mzima asiyefunga mkanda iliwaua watoto na madereva wafupi waliokaa karibu mno, hata katika ajali ndogo za mwendo wa polepole. Mwaka 1997 watengenezaji waliruhusiwa kuipunguza nguvu, na mwaka 2000 ikatolewa kanuni ya kwamba majaribio yafanywe pia kwa sanamu ya mwanamke mdogo, yenye kimo kinachokaribia chako.

Ushauri uliobaki tangu wakati huo ni huu: kutoka katikati ya usukani hadi mfupa wa kidari chako pawe na sentimita 25 au zaidi. Najua utaniambia kwamba ukirudi nyuma kiasi hicho hutaifikia breki, lakini mara nyingi nafasi hupatikana mtu akifuata mpangilio badala ya kuvuta kiti mbele tu. Kwanza inua kiti chote hadi uione barabara vizuri juu ya usukani, kwa kuwa kiti kinapoinuka mguu huteremka kuelekea pedali badala ya kunyooka mbele. Pili, kisogeze mpaka uweze kuikanyaga klachi hadi mwisho huku goti likiwa limekunjwa kidogo, wala usizidishe. Tatu, laza mgongo wa kiti nyuma kidogo, na hapo ndipo kifua kitakapopata umbali wake bila miguu kupoteza chochote. Mwisho shusha usukani ili uelekee kifuani badala ya usoni, na kama unaweza kusukumwa ndani, usukume. Ikiwa baada ya hayo yote sentimita 25 hazijapatikana, zipo pedali za kuongezwa urefu zinazofungwa na mafundi maalumu. Zifungwe na mtu anayejua kazi yake, kwa sababu kipande kilicholegea chini ya breki ni hatari kuliko ufupi. Mto laini wa kukalia sikushauri, maana katika mgongano hubonyea, nawe ukateleza chini ya mkanda.

Mkanda unaokukata shingoni una hadithi yake. Kanuni za Ulaya humtaka mtoto asiyefikisha sentimita 150, au 135 katika nchi zilizochagua hivyo, akalie kiti cha kumwinua, kwa sababu chini ya hapo mkanda haupiti mahali pake. Wewe ni mtu mzima na kanuni hiyo haikuhusu, lakini sababu yake inakuhusu. Mkanda unapaswa kupita juu ya mtulinga, katikati ya bega, ushuke katikati ya kifua, na ule wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo. Magari mengi yana kitasa kwenye nguzo ya mlango ambacho hushusha sehemu ya juu ya mkanda. Watu huendesha gari miaka kumi bila kukigusa. Kuinua kiti nako kunasaidia. Lililo baya kuliko yote ni kuupitisha mkanda chini ya kwapa ili usikere, kwa kuwa wakati wa ajali nguvu yote itaangukia mbavu, na chini ya mbavu kuna ini na bandama.

Tukirudi jikoni, kaunta iliyozoeleka viwandani ina urefu wa sentimita 90 hivi. Mtu wa kimo chako huwa na kiwiko kwenye sentimita 93 au 94 kutoka sakafuni, na kazi ya kukatakata huhitaji uso ulio chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, wakati kukanda unga huhitaji chini zaidi kwa sababu mtu hutumia uzito wa mwili. Hesabu yake ni nyepesi: wewe unastahili kaunta ya sentimita 80 au pungufu kidogo, na unafanya kazi kwenye iliyokuzidi kwa sentimita 10. Zile 10 hazipotei. Huzilipa kwa kuinua mabega na kuitawanya mikono kama kuku anayeanika mbawa. Balaa huongezeka kwenye jiko la kupikia, kwani ukiweka sufuria yenye kina cha sentimita 20 juu ya kaunta hiyo, ukingo wake unakuwa karibu na kwapa, na mvuke unakuja usoni. Anayekuambia kwamba maumivu hayo ni ya uzee uliokuwahi hajawahi kushika mwiko katika hali hiyo.

Kama jiko la sasa haliwezi kubomolewa, simamia jukwaa la mbao lenye unene wa sentimita 8 hadi 10, lakini liwe refu kama sehemu nzima unayofanyia kazi na pana kiasi cha kuweza kurudi nyuma hatua moja. Kigoda kidogo ni mtego: mtu hukisahau akigeuka na sufuria ya maji ya moto mkononi. Kwenye sinki, ajabu ni kwamba huenda hulalamiki kabisa, kwa sababu mahali pa kazi ni ndani, kwenye kitako cha beseni, wala si kwenye ukingo, na hapo ndipo mumeo anapoinama hadi kiuno kikamwuma. Ni mara chache vitu hutupendelea sisi wafupi (ndiyo, nami ni mmoja wenu), basi tuikubali zawadi hiyo bila kelele.

Ofisini, kosa la kawaida ni kushusha kiti mpaka nyayo ziguse sakafu, kisha kuandika huku mabega yakiwa juu kama ya mtu aliyesikia baridi. Meza nyingi zina urefu wa sentimita 73 hadi 75. Ukiketi, kiwiko chako huenda kipo sentimita 20 tu juu ya kiti, kwa hiyo ili mikono ilale sawa na meza, kiti lazima kipande hadi sentimita 54 hivi. Uvungu wa goti lako, pamoja na viatu, upo kwenye sentimita 38 au karibu na hapo. Tofauti yake, sentimita 16, ndiyo miguu inayoning'inia, na paja linalobanwa na ukingo wa kiti ndilo linalokufanya usikie ganzi ifikapo saa kumi jioni. Kiti kifuate kiwiko, na miguu ipewe sakafu yake yenyewe: kiegemeo imara cha kimo hicho, kipana kiasi cha miguu kuhamahama. Angalia pia kina cha kiti, yaani umbali kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo wake. Ukiketi hadi nyuma kabisa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo na uvungu wa goti. Visipopita, utakaa ukingoni siku nzima na mgongo wa kiti utabaki kuwa pambo. Mto mgumu wa mgongoni hutatua hilo kwa gharama ndogo.

Rafu za juu sina mengi ya kusema juu yake. Vitu vizito na vya kila siku vikae kati ya goti na bega, vilivyo vyepesi na vya nadra vipande juu, na ngazi fupi yenye mshikio iwe karibu, kwa sababu ngazi iliyofungiwa stoo ndiyo inayowafanya watu wapande viti vya ofisini vyenye magurudumu.

Suruali inahitaji maelezo zaidi kidogo. Kiwanda huchora nguo moja ya msingi, kisha huipanua na kuipunguza kwa hatua ili kupata saizi nyingine, na hatua hizo hufuata zaidi upana wa mwili kuliko urefu wake. Ndiyo maana saizi ndogo hukutosha kiunoni lakini huwa na miguu ya mtu mwingine. Fundi anapokata pindo huondoa urefu wa chini tu; goti la nguo hubaki sentimita chache chini ya goti lako, na kama suruali inabana gotini na kutanuka chini, umbo lote huvurugika. Chagua suruali zilizonyooka kutoka pajani hadi chini, ambazo hazijali goti liko wapi, au mwombe fundi apunguze pia sehemu iliyo kati ya kiuno na mahali miguu miwili ya suruali inapokutana, ambayo ndiyo hasa humfanya mfupi aonekane ameazima nguo. Kwa mashati na makoti, mshono wa bega ukikaa mahali pake mengine yote hurekebishika. Ukishuka mkononi, iache dukani.

Wala usidhani mambo haya ni ya maskini wa vipimo peke yao. Mwezi Machi 2019 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ililazimika kubadilisha mpango wa wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, kutoka pamoja nje ya kituo cha anga, kwa sababu wote wawili walihitaji kiwiliwili cha vazi cha saizi ya kati na kilichokuwa tayari kilikuwa kimoja. Wanawake wawili walitoka pamoja hatimaye tarehe 18 Oktoba mwaka huohuo, Koch na Jessica Meir, baada ya vazi la pili la saizi hiyo kuandaliwa.

Kuhusu watu, utaalamu wangu unafika mahali unaishiwa, lakini nina la kusema. Lugha yetu yenyewe imetuwekea mizaha tayari: andunje, kibushuti, mbilikimo, na anayeitumia huamini kwamba ameibuni asubuhi hiyo. Napoleon anakumbukwa kama kijitu, ilhali vipimo vya Kifaransa vya zama zake vikibadilishwa hutoa karibu sentimita 168, kimo cha kawaida kwa mwanamume wa wakati ule; wachoraji wa vikaragosi wa Uingereza, hasa James Gillray, walimfupisha kwa kalamu, na kalamu ikashinda utepe. Utani wa maneno unaweza kuuamulia mwenyewe, uujibu au uupuuze. Mkono kichwani ni jambo jingine, kwa kuwa huo ni mwili wako, nami nakushauri uuondoe kwa mkono wako, papo hapo na bila tabasamu, useme "sipendi kuguswa kichwani" na uendelee na mazungumzo. Tabasamu la kwanza ndilo hutafsiriwa kuwa ruhusa ya mara ya pili.

Lipo pia la kiufundi linaloweza kukusaidia katika vikao. Sehemu kubwa ya tofauti ya kimo kati ya watu ipo miguuni, hivyo wewe na mtu wa sentimita 175 mkiketi, pengo la sentimita 26 hupungua hadi karibu nusu yake. Mazungumzo yenye uzito, kama mshahara au lawama, usiyafanye mkiwa mmesimama kwenye korido huku ukimtazama mtu puani. Sema, "Tuketi." Na kiti chako kiwe kile ulichokwisha kukipandisha kufuata kiwiko, chenye kiegemeo chake chini, kwa sababu anayening'iniza miguu huonekana mtoto hata akiwa ndiye mwenye hoja.

Swali lako la mwisho ndilo nililolipenda zaidi. Wengi hujibu kwa kuchukua katikati ya wanandoa wawili, na matokeo yake ni kaunta isiyomfaa yeyote. Ni kosa lilelile ambalo Daniels alilikuta kwa marubani. Kiwiko cha mumeo pengine kipo kwenye sentimita 112 au karibu na hapo, kwa hiyo hata hiyo ya 90 inamwinamisha kidogo. Msitafute kimo kimoja. Sehemu yenye sinki iwe ya juu, sentimita 95 hivi, nawe hutaumia kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Sehemu ya kukatia na kukandia, pamoja na jiko la kupikia, ishuke hadi 80 ikiwa wewe ndiye unayepika saa nyingi zaidi. Naye siku ya zamu yake aweke chini ya mkono wake ubao mnene wa kukatia, au akatie upande wa sinki, maana ni rahisi kumwinulia mrefu ubao kuliko kumshushia mfupi kaunta ya zege. Ikiwa yeye ndiye mpishi wa nyumba, geuzeni mpango huo, nawe utumie jukwaa la mbao. Sehemu hizo mbili zisikutane pale sufuria inapoburutwa kutoka sinki kwenda jikoni, kwa kuwa ngazi ya sentimita 15 mahali hapo itamwaga mchuzi kila siku. Wekeni kona au kabati katikati. Mwambieni pia seremala asimamishe makabati ya chini juu ya miguu ya skrubu badala ya kuyajengea, ili kaunta iweze kupandishwa au kushushwa kwa sentimita chache mtakapokuwa mmeitumia mwezi mmoja na viwiko vyenu vimetoa maoni yao.